Kabla Uzi Haujakomaa

Mto Ikungwe una urefu wa kilomita themanini na tatu, na mimi nimeutembea wote kwa miguu mara nne, kwa hiyo mtu asije kunifundisha. Unaanzia Kivunge, kijijini kwetu, karibu kabisa na mgongo wa mlima. Mvua ikinyesha pale mgongoni, tone linaloangukia mashariki linakwenda zake baharini. Linaloangukia magharibi linazama ardhini, linapita chini ya mawe miezi minane au tisa, halafu linatokeza kwetu. Hapo linakuwa kijito, kinapokea vijito vingine kumi na viwili, kinaruka maporomoko mawili, na kikifika chini tambarare, Mbugani, kwenye joto na vumbi, mto unajilaza tu. Unapanuka, unakuwa mvivu, unapotelea mchangani bila hata kuaga. Ndivyo ulivyokuwa. Nasema ulivyokuwa.

Ramani ya bonde hilo niliichora mimi, Nakiete binti Mgonja, mpimaji wa maji, miaka hamsini na mmoja, mdomo mrefu, magoti mabovu. Ukiona kosa kwenye ramani ile, usitafute mchawi.

Jumatatu asubuhi shangazi yangu Nanzia alinipigia simu. Shangazi hapigi simu. Kile chombo tulimnunulia sisi, yeye anakitumia kuzuia mlango usifungwe na upepo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Njoo."

"Kuna msiba?"

"Njoo uangalie mwenyewe. Mimi sina maneno."

Nilipanda. Gari la ofisi linaishia kwenye mashamba ya tangawizi, kuanzia hapo ni miguu saa moja na nusu, kwenye ubaridi na migomba iliyoota ukungu. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe kando ya chemchemi, kanga mabegani, ufagio miguuni. Yeye ndiye mtunza chemchemi. Kila asubuhi kwa miaka arobaini amefagia pale, amezuia sabuni, amewafukuza watu waliovaa viatu. Chemchemi yetu inatoka chini ya mwamba, kwenye tundu tunaloliita jicho, na maji yake siku zote yalikuwa na unene wa paja la mtu mzima. Siku ile yalikuwa na unene wa kidole.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Wiki. Kwanza vyura walinyamaza. Nikajua. Wanawake wanasema ni kiangazi. Kiangazi gani, na mvua ilinyesha mpaka shule ikafungwa?"

Nilivua viatu. Nikatoa kipimo changu kwenye mkoba, kijiti chenye taa nchani, nikakichoma kwenye tope chini ya mwamba. Taa ikawaka nyekundu hapo hapo. Nyekundu haina maana mbili. Uzi ulikuwa umefika.

Uzi ni kitu kilicho hai, ndugu zangu, si bomba. Ni aina ya kuvu waliyoiotesha wataalamu, nyembamba kuliko unywele, inayotambaa ndani ya mlima na kubeba maji tone kwa tone kuyapeleka kunakotakiwa. Unaupanda kwenye shina moja, nao unasambaa wenyewe kilomita na kilomita. Hauna akili ya kwake, unafuata ramani. Palipoandikwa chemchemi unapita mbali, hatua mia tatu, kwa adabu zote. Palipoachwa tupu unakunywa. Kwa siku tisini za kwanza ni laini, na ipo dawa, ukiimwaga kwenye shina Uzi wote unakufa mpaka ncha ya mwisho. Siku ya tisini unakomaa na kunywa mpaka tone la mwisho. Unaota ganda gumu, na hakuna dawa ya duniani inayopenya tena. Wa kwetu ulipandwa kwa ajili ya Mbugani, kwa watu elfu tisa waliohamishwa kutoka pwani baada ya chumvi kuingia visimani mwao.

Na kwenye ramani yangu, hapo tulipokuwa tumekaa, hapakuandikwa kitu.

"Shangazi," nikasema, "si uliniambia hakuna?"

"Nilikwambia hakuna nini?"

"Mwaka juzi. Nilikuja na wale wageni wawili wa ofisini, tukakaa barazani kwako, ukatupa ndizi. Nikakuuliza kwa mdomo wangu: huku juu kuna chemchemi? Ukasema hakuna, sisi tunachota mtoni."

Aligeuka kunitazama. Sijawahi kuona uso ule ukibadilika vile.

"Ulitaka niseme nini mbele ya wageni?" akasema. "Kwetu chemchemi inatajwa mbele ya mgeni? Inanyooshewa kidole? Hata mama mkwe wa mtu hatajwi jina mpaka apate mjukuu. Hilo hulijui?"

"Ninalijua! Ndiyo maana sikuandika!"

"Yaani..." Akasimama. "Nakiete. Wewe uliletwa hapa mgongoni mwa mama yako una siku saba, ukaogeshwa na maji haya. Mimi nilisema neno la mgeni kwa sababu wageni walikuwepo. Wewe ukaenda kuandika neno la mgeni. Kwani wewe mgeni?"

"Nilidhani unanikataza."

"Na mimi nilidhani una akili."

Jamani. Nicheke au nilie? Miaka miwili nilijisifu moyoni kwamba mimi ni mtoto mwenye heshima, nimesoma na bado sikuuza siri ya wazee. Na yeye miaka miwili alilala usingizi mnono akijua mtoto wao yuko ofisini, kaandika kimya kimya, maana kuandika si kutaja. Kila mmoja alimwamini mwenzake. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini hatukuulizana. Niliketi kwenye tope lile nikalia mbele yake kama sina miaka hamsini na mmoja.

Shangazi hakunibembeleza. "Kulia baadaye," akasema. "Inarudi au hairudi?"

* * *

Shina la Uzi liko katikati ya mlima, kwenye kibanda cha mabati kilichozungushiwa ukuta. Msimamizi wake ni Mwantumu, binti wa pwani, miaka thelathini na kitu, mpole wa sauti lakini haogopi mtu. Mumewe na watoto wake wanakaa Mbugani. Nilipomweleza hakunilaumu hata kidogo, na afadhali angenilaumu.

Alifungua kishikwambi, akaniwekea mezani. Mlima wetu wote ulikuwa pale, na Uzi ndani yake, mweupe.

"Leo ni siku ya themanini na saba, dada Nakiete," akasema. "Alhamisi saa sita mchana unakomaa."

"Hauwezi kukatwa kipande? Ule upande wa Kivunge tu?"

"Ni mwili mmoja. Ukiukata unaota tena palepale, kwa sababu umeshaonja maji. Ni kuuacha au kuuua wote."

"Tuuue, halafu tupande mwingine, ramani nikiwa nimeisahihisha."

"Mbegu ya shina jipya inalelewa miaka miwili kabla haijaingia ardhini. Unalijua hilo kuliko mimi."

"Basi pampu. Wapandishiwe maji."

Akageuza kishikwambi akanionyesha barua. Kumbe ofisi ilishajibu kabla sijauliza, maana vijiji vingine viwili bonde la pili vilishalia. Kupandisha maji mita elfu na mia mbili kwa vijiji vya mlimani hakuwezekani, na sisi Kivunge ni kaya sitini na mbili tu. Kaya zitakazokaukiwa zitapewa viwanja Mbugani. Barua ilikuwa na heshima nyingi na muhuri mzuri.

"Dawa iko wapi?" nikauliza.

Mwantumu akaonyesha kwa kidevu. Dumu la lita kumi, la bluu, chini ya rafu. "Sheria inasema mpimaji wa bonde akigundua ramani ina kosa, anaweza kuimwaga bila kumwomba mtu ruhusa. Ni wewe peke yako. Mimi naandika tu saa." Halafu akasema, "Nakuomba kitu kimoja. Kabla hujaamua, shuka Mbugani kesho, uwaone. Ukishawaona, chochote utakachofanya sitakusema kwa mtu."

Niliudhika. Nilimwambia nimeitembea Mbugani mara nne, sihitaji kutembezwa. Lakini Jumanne nilishuka.

* * *

Mbugani ni nyumba za tofali za saruji zilizopangwa mistari, mabomba kila njia panda, na jua linalopiga utosini kama lina deni na wewe. Nilikuta watu bombani, asubuhi, kelele tupu. Wapwani wale hawawezi kuchota maji bila kutaniana.

"Mama mpimaji huyo! Mpisheni, mguu wake mmoja unaanza mwezi huu, wa pili mwezi ujao!"

"Usimcheke, ndiye aliyetuletea maji."

Mwanamke mmoja akanijazia kikombe bila kuniuliza. Nikanywa. Maji ya Kivunge yana ladha ya chuma kidogo na majani ya gugu, ladha ambayo sijaikuta mahali pengine, na niliikuta mle ndani ya kikombe cha plastiki. Ilibidi nigeuke kuutazama ukuta.

Nyuma ya shule kuna makaburi. Nilikuwa nimeyasikia kwenye taarifa. Mwaka wa kwanza, kabla ya Uzi, watu wa Mbugani waliletewa maji kwa malori, na malori yalileta kipindupindu. Taarifa ilisema mia mbili na kumi na wanne. Kwenye taarifa hawakusema kwamba makaburi mengi ni mafupi. Nilitembea kati yake nikipima kwa macho, kazi yangu ni kupima, siwezi kujizuia: hatua mbili, hatua moja na nusu, hatua moja.

Mwantumu alinikuta huko. Alisimama karibu na kaburi moja lililopakwa chokaa upya.

"Huyu wangu," akasema. "Swabra. Alikuwa na miaka minne."

Nikasema pole. Kiswahili chote hiki, na neno lenyewe ni hilo moja.

"Sikukuleta hapa nikulazimishe," akasema. "Nilitaka tu usije ukasema hukuambiwa. Sisi tulihamishwa hivihivi, dada. Mtu mmoja huko juu alichora mstari, akasema hapa bahari, hapa watu. Hakushuka kutuona. Kwetu kulikuwa na kisima cha babu yangu. Najua unachotaka kukiokoa. Nakijua kuliko unavyodhani."

Tulirudi kwake, tukala wali na mchicha, watoto wake wawili wakanipanda mapajani wakachezea miwani yangu. Nikala, nikashukuru. Njia nzima ya kurudi nilimtukana Mungu, halafu nikamwomba msamaha, halafu nikamtukana tena.

* * *

Jumatano asubuhi nililibeba dumu mpaka kwenye shina. Shina lenyewe ni kitu kibaya: limesimama hadi kiunoni, jeupe, lenye unyevunyevu, na ukiliwekea kiganja unasikia maji yakipita ndani yake. Nikafungua kifuniko cha dumu. Mwantumu alikaa kwenye kibao mlangoni, kalamu mkononi, tayari kuandika saa.

Najua mtakavyoniuliza. Watu elfu tisa kwa kaya sitini na mbili, mama, si hesabu ya darasa la pili? Basi nawaambia hesabu ile haikunisaidia. Nilipofunga macho sikuona elfu tisa. Niliona Kivunge. Niliona mashamba ya maharage kwenye matuta ambayo babu zetu waliyajenga kwa mawe, mifereji inayopita pembeni ya kila nyumba ikiongea usiku kucha, wazee wanaojua zamu ya maji ya kila mtu bila karatasi. Vyote hivyo vinaishi kwa lile jicho. Watu wanaweza kushuka na vitanda vyao na kuku wao. Matuta hayashuki, zamu haishuki. Na mto wangu utaanzia wapi? Utaanzia kilomita tisa chini, kwenye kijito cha pili, kiwiliwili bila kichwa. Kosa ni langu. Anayekosa ndiye anayesahihisha, ndivyo nilivyolelewa. Nikaliinamisha lile dumu.

Lakini kulisahihisha kosa langu kungelipwa na nani? Hicho ndicho kilichonishika mkono. Mimi ningerudi nyumbani na moyo mweupe, na mtoto wa mtu bombani angeharisha mpaka macho yaingie ndani. Watu wa Kivunge watahuzunika, wengine watakufa kwa huzuni, nawajua. Lakini watashuka wakiwa hai. Wa Mbugani hawana tena pa kushukia.

Tone moja lilidondoka sakafuni kabla sijaliinua dumu. Nikalifunga.

"Saa nne na robo," Mwantumu akasema, kwa mazoea tu, halafu akaangusha kalamu, akafunika uso kwa mtandio wake, akalia. Sikumshika. Nilimpenda sana binti yule na siku ile nilimchukia, vyote kwa pamoja, na nadhani aliona.

* * *

Alhamisi nilipanda Kivunge mapema nikamwambie shangazi mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Shangazi ana matusi ya kizamani, unaweza kuyasikia leo ukayaelewa kesho. Nilimkuta palepale kwenye jiwe. Maji yalikuwa yanachuruzika tu.

Nilimweleza yote. Dumu, makaburi, barua yenye muhuri. Nilimwambia nilikuwa na uwezo wa kuirudisha chemchemi na sikuirudisha.

"Ni mimi, shangazi. Si ofisi. Ukitaka kunilaani, nilaani mimi."

Shangazi aliinama. Akaokota jani lililoangukia majini, akalitupa kando.

"Hayo makaburi mafupi," akasema, "uliyahesabu?"

"Sikumaliza."

"Mm."

Akavuta pumzi. "Ningekuwa mimi nisingemwaga pia," akasema. "Lakini usidhani nakusamehe. Kusamehe ni kitu kingine."

"Najua, shangazi."

"Huwezi kujua. Wewe umepoteza maji. Mimi kesho asubuhi nitaamka niende wapi?"

Akanyoosha mkono akachukua kibuyu kidogo kilichokatwa nusu, akakiinamisha chini ya jicho. Kilichukua muda kujaa. Tulikaa tunakitazama, wanawake wawili watu wazima, mpaka kikafika ukingoni.

"Lete mikono," akasema.

Nikanyoosha mikono bila kuelewa. Akaanza kunimwagia maji yale polepole, akinisugua vidole, viganja, mpaka viwiko, akisema maneno ya kilugha cha zamani ambayo niliyasikia mara moja tu, nikiwa mdogo, siku bibi, dada yake babu, alipomwosha yeye. Hapo ndipo nilipoelewa, nikataka kuivuta mikono, naye akaishika kwa nguvu.

"Tulia. Kwetu utunzaji hauendi kwa binti wa mtunzaji, unakwenda kwa binti wa kaka yake. Huyo ni wewe. Nilikuwa nasubiri ustaafu, upande huku upumzike, nikukabidhi na watu wote wakiwepo, wakupigie vigelegele. Sasa hakuna wa kusubiri."

"Shangazi, nitakuwa mtunzaji wa nini? Saa sita itakuwa haipo."

"Ndiyo maana." Akamwaga tone la mwisho. "Chemchemi haiachwi ifie wazi, ng'ombe waje waitie kwato kwenye jicho. Inafukiwa. Na anayeifukia ni mtunzaji wake, kwa mikono yake. Mimi siwezi. Nimeifagia miaka arobaini, siwezi."

Akasimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaanza kushuka kuelekea kijijini. Hakugeuka. Nilisikia akimsalimia mtu njiani kwa sauti ya kawaida kabisa, habari za kwako, nzuri, watoto je.

Nilibaki peke yangu. Saa yangu ilionyesha saa sita kasoro dakika ishirini. Nikakusanya mawe, kwanza madogo, halafu nikalipata moja bapa linalotosha tundu. Nikapiga magoti, haya magoti yangu mabovu, nikaliweka juu ya jicho. Halikutaka kukaa. Maji yaliyobaki yalikuwa bado yanalisukuma kwa chini, kidogokidogo, yakitafuta pa kutokea. Nikalikandamiza kwa mikono miwili, nikalishikilia hivyo hivyo, mpaka yalipoacha.